Msaada wa haraka: Tumeshindwa Mahakama Kuu, naambiwa tuombe "ruhusa ya kukata rufaa". Zimebaki siku 7

dumu_la_mawese — Alhamisi 26 Machi 2026, saa 3:12 usiku

Wakuu habari za usiku. Niko huku mwisho wa reli, Kigoma. Sio mtu wa kuanzisha nyuzi ila leo imebidi, kichwa kimejaa.

Mzee wangu ana miaka 71. Mwaka 2016, mwezi wa nane, alimkopesha mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini madumu 240 ya mawese, yale ya lita 20, kwa 38,000 kila dumu. Piga hesabu utapata 9,120,000. Jamaa akatoa milioni mbili palepale, iliyobaki akaandika kwenye karatasi kwamba atamaliza ifikapo mwisho wa Desemba 2016. Hakumaliza. Zikaja ahadi, zikaja "mzee nivumilie msimu huu", na mara moja akarusha laki tatu kwenye simu. Mzee ni mtu wa haya, alivumilia mpaka Mei 2024 ndipo akaenda Mahakama ya Mwanzo.

Mwanzo tukashinda. Jamaa akakata rufaa Wilaya, tukashinda tena. Akaenda Mahakama Kuu, hapo tukapigwa chini, tarehe 3 mwezi huu. Sitataja masijala wala jina la mtu, mods msije mkanifunga.

Sasa kuna bwana mmoja anashinda karibu na mahakama, ana begi la ngozi na mhuri. Kaniambia kwenda Mahakama ya Rufani lazima kwanza tuombe ruhusa ya kukata rufaa, na yeye ataandika hayo maombi kwa 350,000. Nimempa 150,000 ya kuanzia. Anasema tusihofu, muda upo.

Maswali: ni kweli lazima ruhusa? Muda upo? Na hiyo bei ni ya haki? Nawasilisha.

---

mgebuka_mkavu — 26 Machi, saa 3:20 usiku

Begi la ngozi na mhuri 😂 Mkuu huyo kishoka, wakili feki. Kamuulize namba yake ya uwakili uone atakavyoanza kukohoa.

---

Isevya77 — 26 Machi, saa 3:41 usiku

Pole sana ndugu yangu. Niko Tabora hapa, na hilo neno "ruhusa" ukilitaja mbele yangu natokwa jasho.

Kesi yangu ilikuwa ya kiwanja, ilianzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nikashindwa Mahakama Kuu 2018. Zamani hizo huingii Rufani kwenye kesi za namna yangu bila ruhusa ya Mahakama Kuu. Nikaomba, jaji akasema hoja zangu hazina uzito wa kutosha kusumbua majaji watatu. Lakini sheria ilikuwa inakupa mlango wa pili: ukikataliwa Mahakama Kuu, unaomba hiyohiyo ruhusa Mahakama ya Rufani yenyewe ndani ya siku 14. Mimi nikachelewa siku nne. Nne tu! Mama mkwe alikuwa mgonjwa Urambo, nikaenda, nikarudi, nikajua wataelewa.

Nikaomba niongezewe muda. Nikakutana na kitu wanaita vigezo vya Lyamuya, vimetoka kwenye uamuzi wa Mahakama ya Rufani kwenye ombi namba 2 la 2010. Ueleze muda wote uliochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, uonyeshe ulikuwa makini na siyo mzembe, au kuwe na sababu nyingine nzito kama uharamu ndani ya uamuzi wenyewe. Na wanataka kila siku iwe na maelezo yake. Siku ya kwanza na ya pili nilizieleza. Ya tatu na ya nne nilikuwa nimesharudi Tabora nimelala. Niandike nini, nimelala?

Kiwanja kimekwenda. Kwa hiyo akikwambia "muda upo" mwambie akuonyeshe kalenda.

---

Binti_Sheria — 26 Machi, saa 4:05 usiku

Mleta mada, simama hapohapo, usimuongezee huyo bwana hata mia.

Ruhusa anayoisema ilikuwa kwenye kifungu cha 5(1)(c) cha Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura 141. Imefutwa. Sheria Namba 11 ya 2023 iliyorekebisha sheria mbalimbali za sekta ya sheria iliondoa lile sharti, na ilianza kutumika 1 Desemba 2023. Tangu hapo mahakama hazitoi tena ruhusa hiyo kwa sababu hakuna sheria inayoidai. Ukiipeleka mwaka huu, maombi yako yanatupwa, na siku zako 30 zimeshapita ukiwa kwenye foleni ya kusubiri kitu kisichokuwepo.

Mna uhuru wa kukata rufaa moja kwa moja. Mnapeleka taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30, basi.

---

mgebuka_mkavu — 26 Machi, saa 4:09 usiku

Uzi umeisha mapema hivi? Hata kahawa haijapoa.

---

KaraniMstaafu — 26 Machi, saa 4:48 usiku

Haujaisha.

Binti yangu Binti_Sheria kasema kweli kuhusu ruhusa, lakini kapita haraka kwenye neno moja aliloandika mleta mada: Mahakama ya Mwanzo. Shauri hili halikuanzia Wilaya wala Mahakama Kuu. Limeanzia Mwanzo. Na kwa mashauri yaliyoanzia Mwanzo, kifungu cha 5(2)(c) cha sheria hiyohiyo kiko palepale. Kinasema huendi Rufani mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwa hati kwamba ndani ya uamuzi wake kuna hoja ya kisheria. Sisi masijalani tulizoea kuiita "cheti". Marekebisho ya 2023 yamefuta ruhusa. Cheti hayakukigusa.

Hivi ni vitu viwili tofauti, na watu wengi, hata mawakili, wanavichanganya. Kwenye ruhusa ulitakiwa uonyeshe kuwa rufaa yako ina mashiko, au ina jambo jipya, au jambo lenye maslahi kwa watu wengi. Kile kipimo kilitokana na ombi la BBC namba 138 la 2004, nimeligonga mhuri nakala zake hadi nimelikariri. Kilikuwa kipimo kipana kidogo, hata suala la ushahidi ungeweza kulipenyeza. Cheti ni chembamba. Ni hoja ya sheria peke yake. Shahidi gani aaminiwe, karatasi ipi ni ya kweli, hayo yaliishia huko chini.

Na tofauti ya pili ndiyo inayouma zaidi. Kwenye ruhusa, Isevya77 kakueleza, ulikuwa na mlango wa pili. Cheti kinatolewa na Mahakama Kuu tu. Mahakama ya Rufani haina mamlaka ya kukitoa. Kwa hiyo unachoandika kwenye maombi hayo kiandike kama mtu mwenye risasi moja.

Mwanangu dumu_la_mawese, mimi si wakili, nilikuwa karani wa mahakama miaka mingi, nimestaafu. Nijibu maswali mawili tu. Hukumu mnayo mkononi? Na Jaji amesema mmeshindwa kwa sababu gani, kwa maneno yake mwenyewe?

---

Binti_Sheria — 26 Machi, saa 4:55 usiku

Mzee, nimekubali, nimepitiwa. Nilisoma "Mahakama Kuu" nikaruka "Mwanzo". Asante kwa kunishika mkono. Nimeufuta ushauri wangu wa mwisho kichwani mwangu, ila post naiacha ili watu waone jinsi kosa linavyotokea.

---

dumu_la_mawese — Ijumaa 27 Machi, saa 12:30 asubuhi

Shikamoo mzee. Usiku sikulala, nimesoma hukumu mara tatu.

Sababu: sisi tulikuwa tunajua kwamba Jaji hakuamini mashahidi wetu. Ndivyo yule bwana wa begi alivyotutafsiria. Sasa nimesoma mwenyewe. Kurasa nane za mwanzo zinaeleza rufaa ya jamaa, ambayo ilikuwa na sababu tatu: kwamba karatasi haikuwa na stempu, kwamba mashahidi wetu ni ndugu, na kwamba mawese mengine yalikuwa yameharibika. Halafu ukurasa wa 9 Jaji anasema, "kabla sijazijibu sababu hizo" kuna jambo ameliona. Deni lilitakiwa kulipwa Desemba 2016, kesi imefunguliwa Mei 2024, mkataba ukomo wake ni miaka sita, kwa hiyo shauri lilikuwa nje ya muda. Anafuta hukumu za Mwanzo na Wilaya na kuliondoa shauri, gharama juu yetu. Zile sababu tatu hazijajibiwa hata moja.

Hili jambo la muda jamaa hakuwahi kulisema Mwanzo. Hakulisema Wilaya. Na siku ya kusikilizwa Mahakama Kuu nilikuwepo mimi mwenyewe nimekaa benchi la nyuma, halikutajwa.

---

KaraniMstaafu — 27 Machi, saa 1:02 asubuhi

Wa alaykum salaam, marahaba.

Hapo sasa tunazungumza. Siku ya kusikilizwa, Jaji aliwauliza chochote kuhusu muda? Aliwaita tena kabla ya hukumu waje waseme juu ya hilo?

---

dumu_la_mawese — 27 Machi, saa 1:06 asubuhi

Hapana mzee. Tulisikia kwenye hukumu kwa mara ya kwanza.

---

Kaseke_wa_Gungu — 27 Machi, saa 2:15 asubuhi

Nimekuja kuharibu sherehe kidogo. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura 89, kinasema shauri lililofunguliwa nje ya muda litatupwa HATA KAMA mdaiwa hakulisema hilo kwenye utetezi wake. Miaka sita kwa mkataba ni kweli, iko kwenye jedwali. Kwa hiyo Jaji hakufanya mzaha, sheria ndiyo imemtuma. Mnataka mumshitaki Jaji kwa kusoma sheria?

Na niseme ukweli mchungu. Madai ni milioni 6 na kitu. Mtapanda mpaka Rufani kwa milioni sita? Mzee ana 71. Mimi ningemnunulia mbuzi akae Ujiji apumzike.

---

Binti_Sheria — 27 Machi, saa 2:40 asubuhi

Kaseke, hoja yako ya kwanza ni nzuri na ndiyo upande wa pili utakayoisema. Kwa hiyo tuijibu sasa badala ya kuisikia kwanza kizimbani.

Ni kweli mahakama inaweza, na inapaswa, kuliona suala la ukomo hata kama hakuna aliyelileta. Hakuna anayebisha. Lakini kuliona ni kitu kimoja, kuliamua bila kuwasikiliza wahusika ni kitu kingine. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi mno, na imefuta hukumu nyingi kwa sababu hiyo: jaji akiibua jambo mwenyewe, anawaita wahusika, anawaambia "nimeona hili, semeni", ndipo anaamua. Haki ya kusikilizwa iko kwenye Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(a). Ukiivunja, uamuzi wako hausimami hata kama ungekuwa sahihi. Fungueni TanzLII, ile tovuti ya hukumu za mahakama zetu, mtafute, ni bure, zimejaa.

Na hapa kuna sababu kwa nini kusikilizwa kulikuwa na maana kwa mzee huyu na siyo utaratibu mtupu. Mleta mada, ile laki tatu ya kwenye simu ilirushwa lini?

---

dumu_la_mawese — 27 Machi, saa 2:51 asubuhi

Novemba 2019. Naikumbuka kwa sababu ilikuwa wiki ya msiba wa bibi, mzee akaitumia kununulia unga.

---

Binti_Sheria — 27 Machi, saa 3:10 asubuhi

Sawa. Sasa fungueni kifungu cha 27 cha Sheria hiyohiyo ya Ukomo wa Muda. Mdaiwa akilipa sehemu ya deni, muda unaanza kuhesabiwa upya kuanzia siku aliyolipa. Deni lilikuwa la Desemba 2016, miaka sita ingeisha Desemba 2022. Lakini Novemba 2019, kabla haijaisha, kalipa laki tatu. Saa inarudi sifuri. Miaka sita mipya inaishia Novemba 2025. Mzee kafungua Mei 2024.

Yaani Jaji angeuliza swali moja tu, "mna la kusema kuhusu muda?", jibu lilikuwepo.

(Angalizo: namba za vifungu naandika kwa zile tulizozizoea. Toleo jipya la sheria zetu, la 2023, lilianza kutumika Julai 2025 na baadhi ya vifungu vimesogezwa. Mtakayemtumia ahakiki kabla hajaandika.)

---

mgebuka_mkavu — 27 Machi, saa 3:14 asubuhi

Laki tatu ya unga wa msiba imefufua milioni sita. Mimi nakaa.

---

Kaseke_wa_Gungu — 27 Machi, saa 3:30 asubuhi

Haya hiyo nimeielewa, nakubali. Lakini swali: hiyo laki tatu ipo kwenye kumbukumbu za Mwanzo? Au ni stori ya hapa jukwaani? Maana Rufani hawapokei ushahidi mpya kirahisi, wanasoma makaratasi.

---

KaraniMstaafu — 27 Machi, saa 4:20 asubuhi

Swali la mtu mzima hilo. Mwanangu, chukua mwenendo wa Mahakama ya Mwanzo, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa kesini, tafuta ushahidi wa mzee.

---

dumu_la_mawese — 27 Machi, saa 7:45 mchana

Nimetoka masijala. Nimepata. Ukurasa wa 6 wa mwenendo, mzee anasema: "Mwaka 2019 alinitumia sh. 300,000 kwa simu, akasema nyingine zinafuata." Na ukurasa wa 11 jamaa mwenyewe akiulizwa anajibu: "Ni kweli nilituma laki tatu lakini nilikuwa namsaidia kwenye msiba."

Kwa hiyo anakubali pesa, anabisha sababu.

---

Kaseke_wa_Gungu — 27 Machi, saa 7:58 mchana

Hapo kuna vita ya ukweli, "deni" au "rambirambi". Lakini sawa, angalau ipo kwenye karatasi. Nimenyamaza. Mbuzi mnunulieni baadaye.

---

KaraniMstaafu — 27 Machi, saa 2:30 usiku

Sasa tufanye kazi, maana siku zinakwenda. Hukumu tarehe 3 Machi. Siku ya hukumu haihesabiwi, tarehe 4 ndiyo siku ya kwanza. Siku ya 30 ni Alhamisi, tarehe 2 Aprili. Kesho yake Ijumaa Kuu. Ungekuwa na bahati siku ya mwisho ikaangukia sikukuu ungepata mpaka siku ya kazi inayofuata, na mwaka huu ungevuka Jumatatu ya Pasaka, ukavuka na Karume Day ya tarehe 7. Lakini ya kwako imeangukia Alhamisi, siku ya kazi. Hakuna bahati. Na mimi ningekwambia uende Jumatatu au Jumanne, mfumo wa kusajili kwa njia ya mtandao unajua sana kugoma siku ya mwisho, na ile kontroo namba ya malipo nayo ina siku zake.

Ndani ya hizo siku mna mambo matatu, siyo moja.

La kwanza, taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Kanuni ya 83 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009. Inapelekwa masijala ya Mahakama Kuu, siyo Rufani. Watu wanadhani wasubiri cheti kwanza ndipo waweke taarifa. Hapana! Taarifa ina siku zake 30 kuanzia hukumu, haisubiri mtu. Nakala yake mdaiwa wenu aipate ndani ya siku 14 tangu mlipoiweka.

La pili, barua ya kuomba nakala za mwenendo, hukumu na amri. Barua tu, ukurasa mmoja. Nimeona mashauri makubwa yakifa kwa ajili ya barua hii. Kukata rufaa kwenyewe mna siku 60 tangu kuweka taarifa, na nakala za mahakama mara nyingi hazitoki ndani ya siku 60. Kanuni ya 90 inasema muda wa kusubiri nakala utatolewa kwenye hesabu, Msajili atakupa hati ya kuthibitisha ucheleweshaji, lakini IWAPO uliomba kwa maandishi ndani ya siku 30 za hukumu na IWAPO nakala ya barua hiyo ulimpelekea mpinzani wako. Watu wanaandika barua, wanasahau kumpelekea mpinzani. Baada ya miaka miwili wako mbele ya majaji watatu wanaulizwa, "ulimpa nakala?" Kimya. Na msikae mkisubiri kupigiwa simu: zikipita siku 90 hamjaitwa, ndani ya siku 14 zinazofuata nendeni wenyewe mkafuatilie.

La tatu ndiyo maombi ya cheti. Nayo iingizeni ndani ya siku hizohizo. Ni chemba samansi, yaani ile karatasi rasmi ya maombi kwa Jaji, na hati ya kiapo. Kiapo ale mzee mwenyewe, siyo wewe. Wewe ukiapa utaandika "baba aliniambia", na hilo mahakamani halina meno.

Na ile 150,000 uliyokwisha toa, isamehe.

---

dumu_la_mawese — 27 Machi, saa 3:15 usiku

Mzee Mungu akuweke. Nimejaribu kuandika hoja ya cheti, niambieni kama iko sawa:

"Kwamba Mheshimiwa Jaji alikosea kwa kutozingatia ushahidi mzito wa mleta maombi kwamba deni lilikuwa halijalipwa na kwamba mjibu maombi alikiri kulipa sehemu yake."

---

Binti_Sheria — 27 Machi, saa 3:40 usiku

Hiyo itakataliwa kaka. Soma tena: "kutozingatia ushahidi". Umemwambia Jaji mwenyewe kwamba tatizo lako ni ushahidi. Atasema hii ni hoja ya ukweli, siyo ya sheria, kwaheri.

Cheti kinataka swali ambalo mtu anaweza kulijibu bila kumjua mzee wako wala mawese yake. Jaribu hivi:

"Iwapo ilikuwa sahihi kisheria kwa Mahakama Kuu kuibua yenyewe suala la ukomo wa muda wakati wa kuandika hukumu na kuiamua rufaa kwa suala hilo pekee bila kuwapa wahusika nafasi ya kusikilizwa."

Unaona? Hakuna dumu humo, hakuna laki tatu. Ni sheria tupu.

Ya pili, kama mnataka ya kuongezea: iwapo shauri linaweza kutangazwa kuwa nje ya muda bila mahakama kupima malipo ya sehemu ya deni yaliyomo kwenye kumbukumbu. Hii ya pili inaegemea kidogo kwenye ukweli, ila bado ni swali la namna sheria inavyotumika. Mimi ningeiweka chini ya ile ya kwanza na nisingeongeza ya tatu. Mkishapewa cheti, Rufani itasikiliza yale tu yaliyothibitishwa, mengine hata mkiyaandika yataondolewa. Lakini mkijaza hoja tisa, Jaji ataona mnatapatapa.

---

Isevya77 — 27 Machi, saa 4:00 usiku

Dada, ungekuwa Tabora 2018.

---

mama_Nasri — Jumamosi 28 Machi, saa 2:10 asubuhi

Samahani kuingilia. Mimi nilishindwa Mahakama Kuu nyumba, taarifa ya rufaa nimeshaweka mwezi uliopita. Jana dalali wa mahakama kaja na karatasi ya kunitoa. Si nilishakata rufaa jamani?

---

KaraniMstaafu — 28 Machi, saa 2:35 asubuhi

Mama, taarifa ya rufaa haisimamishi kukazia hukumu. Watu wengi wanaondolewa vyombo nje wakiwa na risiti ya rufaa mkononi. Kanuni ya 11: unaomba Mahakama ya Rufani isimamishe utekelezaji, ndani ya siku 14 tangu upate notisi ya kukazia hukumu au tangu ujue. Kama karatasi ya jana ndiyo ya kwanza, siku zako zimeanza jana. Uonyeshe utapata hasara kubwa, na uwe tayari kuweka dhamana. Tafuta wakili leo, siyo Jumatatu. Na anzisha uzi wako mama, usije ukapotea humu.

---

mama_Nasri — 28 Machi, saa 2:37 asubuhi

Asante baba. Natoka sasa hivi.

---

dumu_la_mawese — 28 Machi, saa 5:20 asubuhi

Nimerudi kwa bwana wa begi kumdai nakala za karatasi za mzee. Kwanza alisema sijui sheria. Nikamtajia Sheria Namba 11 ya 2023. Akasema hiyo ni ya Dar es Salaam 😂 Karatasi amerudisha, pesa hajarudisha.

Wakili wa kweli niliyempata anataka zaidi ya uwezo wetu kwa rufaa nzima, lakini amekubali kuandaa hizi karatasi tatu kwa bei ya kuandaa tu. Halafu kuna msaidizi wa kisheria wa kata yetu, ameniambia yeye haruhusiwi kusimama mahakamani, ila atatusaidia kufuatilia na kutuelekeza kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa kama tukikwama mbele.

---

Kaseke_wa_Gungu — 28 Machi, saa 5:44 asubuhi

"Hiyo ni ya Dar es Salaam." Nimelia machozi. Kumbe Kigoma tumejitenga na hatujaambiwa.

---

dumu_la_mawese — Jumanne 31 Machi, saa 10:05 jioni

Mrejesho.

Jana mzee kala kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Leo taarifa ya rufaa, barua na maombi ya cheti vyote vimeingia kwenye mfumo, tumelipia, tuna risiti. Hoja mbili tu, kama dada alivyoziandika, wakili kazigusa kidogo.

Saa nane nikaenda na mpeleka nyaraka mpaka Kibirizi kumpa jamaa nakala. Tumemkuta anapakia dagaa. Kasoma barua, kasoma taarifa, kasaini zote bila neno. Halafu akaniuliza, "Mzee anaendeleaje na miguu?" Nikamwambia anaendelea. Sikujua niseme nini zaidi.

Swali langu la mwisho: siku ya kutajwa maombi, naweza kwenda mimi kwa niaba yake? Anapata shida kupanda ngazi.

---

KaraniMstaafu — 31 Machi, saa 11:30 jioni

Nakala zilizosainiwa zipige picha leo hii, za karatasi ziweke kwa mtu mwingine, siyo nyumba moja.

Kama wakili wenu hasimami siku hiyo, aende mzee mwenyewe, maombi ni yake. Wewe nenda naye umshike mkono. Mfike saa mbili kasoro, mwambie karani wa Jaji kwamba ana shida ya miguu, watamtafutia kiti. Na asisahau kitambulisho chake.